Askari Mstaafu na Nyumba Isiyo na Ardhi

Kila mwanafunzi wa Mombasa aliyewahi kupita Barabara ya Jomo Kenyatta ameiona kumbukumbu ya askari wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Sidhani kama ni wengi waliosimama kuisoma. Maneno yaliyochorwa pale yalitungwa na Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na kiini chake ni ahadi: kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ni deni, nasi twajua deni lile lilivyolipwa. Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yumkini wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, walifia vita vile bila majina yao kuandikwa, au bila kukumbukwa kwa namna yoyote.

Hata hivyo makala haya hayahusu wafu. Wafu wamepumzika, na makao yao hayadaiwi kodi. Nataka kumzungumzia askari aliye hai, aliyevua magwanda, akapokea kiinua mgongo chake, na sasa anatafuta mahali pa kuweka kitanda kisiwani Mombasa au ng'ambo ya kivuko. Mtu huyu twamwona kila siku sokoni na msikitini, lakini ni nadra kumsikia akitajwa katika mijadala ya makao.

Wasomaji wangu walimu wanaofundisha historia wanajua kuwa si mara ya kwanza kwa jambo hili kuzuka nchini. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka wa 1919 mpango wa kuwapa mashamba waliokuwa wanajeshi. Zaidi ya ekari milioni 2 zilitengwa katika nyanda za juu, na mashamba yakagawanywa kwa kura zilizochezwa Nairobi na London. Sehemu ya ardhi ya Wanandi nayo ilimegwa ili mpango huo utimie. Waliofaidika walikuwa Wazungu. Mpagazi wa Kariakoo aliyebeba mzigo kichwani kutoka pwani hadi Ruvuma, akanusurika kifo cha kuhara na njaa, hakutiwa jina lake katika kura yoyote. Vita vya pili vilipokuja, takribani Wakenya 98,000 waliingia jeshini; askari wa Keya walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliporudi walikuta mtindo ni ule ule: mzungu aliyetoka vitani akipewa shamba, na Mwafrika akipewa nauli, bakshishi ndogo na nasaha ya kurudi kijijini. Siwezi kuwalaumu waliokataa nasaha hiyo. Mmoja wa waliopigana Burma alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliingia msituni akajulikana kwa jina la Jenerali China. Mwenye kutaka kujua ni kwa nini asiwaulize wanasiasa; aulize habari za ardhi.

Mombasa yenyewe ina kisa kingine, cha zamani zaidi, ambacho chaonyesha njia tofauti. Baada ya Seyyid Said kuwashinda Mazrui mwaka wa 1837, Ngome ya Yesu iliwekwa askari wa Kibaluchi. Watu hawa walikuja kwa kazi ya bunduki, wakitoka mbali kabisa, lakini hawakuachwa kuzeeka ndani ya kuta za ngome. Walipata viwanja nje ya mji wa zamani, wakajenga nyumba, wakaoa, wakajenga msikiti wao, na mtaa wa Makadara ukawa wao na wa watoto wao hadi leo. Sisemi kwamba utawala wa wakati ule ulikuwa wa haki. Walikuwapo watumwa na mabwana, na kila mwenye macho analijua hilo. Nasema tu kwamba askari aliyepata kiwanja alikuwa mtu wa mji, na mjukuu wake hazungumzi Kibaluchi ila Kimvita.

Kwa nini basi askari wa leo, mwana wa nchi hii, apate taabu pale ambapo mgeni wa 1837 alipata makazi?

Jibu liko chini ya nyumba, si juu yake. Mwanafunzi anayetaka kuuelewa mji huu ni lazima aelewe kitu kiitwacho nyumba bila ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi ukanda wa pwani wapeleke madai yao mbele ya msajili. Waliokuwa na habari, karatasi na wakili walipata hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikawa ya serikali. Wenyeji wengi, hasa wa vijijini, wakajikuta wapangaji mahali walipozikwa babu zao. Hapo ndipo ulipokomaa ule utaratibu wa Majengo na mitaa mingineyo: mwenye ardhi anatoza kodi ya kiwanja kila mwezi, na mpangaji anajenga nyumba yake ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nyumba ni ya mjenzi, anaweza kuipangisha, kuiuza au kuirithisha. Ardhi si yake. Mwenye ardhi akitaka kiwanja chake, mjenzi hana hati ya kumzuia. Msomi Richard Stren alieleza mambo ya makao ya watu maskini wa Mombasa katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1978, na mtu akikisoma leo ataona kuwa mengi yaliyomsumbua mwandishi yule bado yanatusumbua.

Utaratibu huu uliwasaidia wengi, nami siupuuzi. Kuli wa Kilindini asingaliweza kununua kiwanja, lakini aliweza kujenga vyumba sita, akakaa kimoja na kupangisha vitano. Ulikuwa ni ujanja wa watu wasio na mtaji. Lakini ni mtego mbaya mno kwa mtu ambaye mtaji wake wote huja mara moja tu maishani.

Na mtu huyo ndiye askari mstaafu. Mwalimu, ambaye umri wake wa kustaafu uliongezwa hadi miaka 60 mwaka wa 2009, huishi miongoni mwa watu. Anajua ni nani anauza kiwanja, nani ana kesi mahakamani, na mzee gani ana hati ya kweli. Hununua polepole, akajenga chumba kimoja kimoja. Askari huishi kambini. Leo yuko Gilgil, kesho Nanyuki, kesho kutwa Garissa, na tangu Oktoba 2011 wengi wamepita Somalia. Nyumba anayokaa ni ya jeshi. Wengi wa vyeo vya chini huondoka kazini wakiwa hawajafika miaka 50, watoto wangali shuleni. Siku ile ile anapoikabidhi bunduki, anaikabidhi na nyumba. Kisha anapewa fedha kwa mkupuo, katika mji ambao dalali amekwisha kusikia harufu yake.

Nimeyaona haya Likoni, ng'ambo ya kivuko, karibu na Mtongwe ambako Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964, lina makao yake makuu. Jirani wa rafiki yangu alikuwa baharia. Alistaafu, akanunua kile alichoambiwa ni kiwanja, akajenga nyumba ya mawe ya vyumba vinne, yenye sakafu ya saruji na kisima. Alichokuwa amenunua, kwa maneno ya karatasi aliyotiliwa sahihi, kilikuwa haki ya kujenga tu. Alipotaka mkopo wa kumsomesha bintiye, aliambiwa na wakopeshaji kuwa nyumba yake haiwezi kuwa dhamana ya hata kitanda. Hakunyang'anywa chochote. Anaishi mle mpaka leo. Lakini jasho la miaka 22 limelala juu ya mchanga wa mtu mwingine.

Ndio maana husema kwamba katika mji huu hati ni sehemu ya nyumba kama lilivyo paa. Tumeona katika shamba la Waitiki, ekari 930 za huko huko Likoni, ilivyochukua miaka na machozi hadi serikali ilipolinunua na kuwapa wakazi hati Januari 2016, na hata hapo kila mmoja akatakiwa alipe shilingi 182,000. Watu walinung'unika, na haki walikuwa nayo. Lakini waliolipwa kwa jasho walijua kuwa sasa wamekanyaga chao.

Yapo maneno yanayosemwa dhidi ya hoja yangu. Kwanza, kwa nini askari na si mwalimu, muuguzi, au kuli? Nauheshimu ubishi huu, hasa unapotoka kwa walimu, ambao wengi wao wanapanga vyumba visivyostahili elimu yao. Sidai kwamba askari atangulizwe mbele ya maskini wote. Nadai kwamba kasoro iliyosababishwa na masharti ya kazi irekebishwe na aliyeweka masharti hayo. Dola ilimwambia mtu huyu asikae mahali pamoja kwa miaka ishirini. Dola hiyo hiyo haiwezi kumshangaa kwa kukosa mahali. Tena tuwakumbuke wajane. Waliopotelewa na waume zao El Adde mnamo Januari 15, 2016, na Kulbiyow mwaka uliofuata, hawakupata hata muda wa kujiandaa kustaafu.

Pili, husemwa kuwa sheria zipo. Kweli zipo. Mwaka wa 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, ya kuwatunza wao na wanaowategemea. Machi 2024 ikaja Sheria ya Makao ya Bei Nafuu, ambayo hukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kumtoza mwajiri kiasi hicho hicho. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo nayo imewezesha mwenye chumba ghorofani kupata hati yake mwenyewe. Lakini sheria tatu zilizolala katika makabati matatu hazijengi nyumba moja.

Hapa yatufaa tutazame nje. Marekani ilipitisha mwaka wa 1944 sheria ya kuwasaidia askari waliorudi vitani, na mojawapo ya vipengele vyake ni serikali kudhamini mkopo wa nyumba. Serikali haikutoa fedha mkononi; ilimwambia mwenye benki kwamba askari huyu akishindwa, mimi nitasimama. Mamilioni ya familia wakapata nyumba. Lakini sharti mwalimu awaambie wanafunzi wake na upande wa pili. Katika jimbo la Mississippi mwaka wa 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na serikali kwa nyumba, biashara na mashamba, uchunguzi ulionyesha kuwa ni miwili tu iliyokwenda kwa askari weusi. Sheria haikutaja rangi. Karani wa benki ndiye aliyeitaja.

Nasi tuna makarani wetu, ingawa ubaguzi wao ni wa aina nyingine. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya rehani ya mabenki yote nchini ilikuwa takribani 30,000, na wastani wake ulizidi shilingi milioni 8. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50! Mstaafu hana hati ya mshahara ya kuonyesha, na umri wake unahesabiwa kama ugonjwa. Ilhali pensheni yake hailipwi na mwajiri anayeweza kufilisika, bali na hazina ya taifa, kila mwezi, mpaka afe. Ni dhamana gani iliyo imara kuliko hiyo? Kinachotakiwa ni serikali ikubali kuidhamini rehani ya mstaafu kwa pensheni yake, kwa riba isiyobadilika, na mazungumzo yaanze miaka mitano kabla hajaondoka kambini, wakati angali na mshahara na chama chake cha akiba na mikopo kinamjua. Askari anayekatwa kodi ya makao kila mwezi akiwa kazini asiambiwe siku ya kustaafu kuwa yeye ni mwombaji mpya.

Kwa hapa Mombasa ningependa jambo moja la ziada. Kisiwa kimejaa. Mji wa Kale unalindwa kama urithi, na ni sawa ulindwe. Hatuwezi kuporomosha nyumba za Kibokoni ili tupandishe maghorofa. Nyumba za wakfu nazo zina wenyewe na masharti yake. Kilichobaki ni mitaa ile ya zamani ya halmashauri, kama Buxton, ambayo ilianza kubomolewa mwaka wa 2021 na kujengwa upya, na mingineyo iliyopangiwa hivyo, Changamwe na Likoni ikiwamo. Serikali ya kaunti inapotia sahihi mkataba na mjenzi wa kila mtaa, itaje idadi ya nyumba zitakazotengewa wastaafu wa majeshi na wajane wao, na idadi hiyo ibandikwe mlangoni mwa ofisi ambapo kila mtu ataisoma.

Na walimu wa historia wa shule za kisiwani nina ombi kwao. Allidina Visram, kwa mfano, ilikuwa kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za adui Wajapani wakati wa vita vya pili. Wanafunzi wake wanakalia historia kama watu wanavyokalia mkeka. Wapeni kazi ya likizo. Kila mmoja amtafute mwanajeshi mstaafu mmoja katika mtaa wake, amuulize kwa adabu mambo matatu: alihudumu miaka mingapi, amejenga wapi, na hati ya kiwanja ina jina la nani. Majibu yakusanywe muhula unapofunguliwa, majina yaachwe, hesabu ipelekwe kwa diwani wa wadi. Na nakala moja tafadhali niletewe mimi.