Kila Mfungwa Ana Kwao?

Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Msamaha wa aina hiyo ukitangazwa, wengi wetu huuliza kama wizi utaongezeka. Wachache huuliza walioachiwa watalala wapi. Ukiuliza, jibu liko tayari: si waende kwao?

Jibu hilo halitoki kwa watu wabaya, na lina ukweli wake. Wengi hupokelewa na ndugu, na sidhani kama kuna bweni la serikali litakaloishinda nyumba ya mama. Hata hivyo limejengwa juu ya dhana isiyosimama, kwamba nyumbani hukaa palepale kumngoja mtu.

Kwanza, kifungo chenyewe hubomoa. Miaka saba inatosha mzazi kufariki, mwenza kuanza maisha mengine na ndugu kugawana shamba. Tena wapo waliomwibia baba mdogo au kumjeruhi jirani. Hao, kijijini ndiko waliko waliowakosea. Mwanamke aliyekuwa akiishi kwa mumewe ana pa kurudi padogo zaidi.

Pili, wengi walikamatwa mjini wakiwa wapangaji. Mmoja wao akitoka, mwenye nyumba wa Dar es Salaam humdai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, achilia mbali cha dalali. Huenda akatakiwa pia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Barua hiyo hupewa mkazi, na ukazi ndio anaoutafuta.

Tatu, husemwa kwamba anayeishia kulala stendi ni yule aliyekataa kubadilika. Hapa tuende polepole. Nchini Marekani, taasisi ya Prison Policy Initiative ilionyesha mwaka 2018 kwamba katika kila watu 10,000 waliowahi kufungwa, 203 hawakuwa na makazi, karibu mara 10 ya raia wengine. Kwa waliofungwa mara moja walikuwa 141. Kwa waliofungwa zaidi ya mara moja, 279. Ingawa Marekani si Tanzania, na ingawa mtu anaweza kuzisoma namba hizo kuwa wakorofi ndio hulala nje, sheria zetu zenyewe zinatuonyesha njia ya kinyume. Kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu kimekuwa kikimhesabu kuwa mzururaji mtu anayejulikana kwa wizi, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana na asiyeweza kujieleza vizuri. Nani anayelengwa hapo kuliko mfungwa wa jana aliyekosa chumba? Anaweza kurudishwa ndani bila kuiba hata sindano. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Wako watakaosema nchi isiyo na nyumba za kutosha kwa walimu haiwezi kuanza na wafungwa. Ni kweli, ila hakuna anayedai majumba. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka maisha ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu kifungo kinapoanza, na anayetoka awe na hati zake, nauli na mahali panapofaa pa kuishi. Simu ya ofisa ustawi wa jamii kwa mwenyekiti wa kijiji, miezi sita kabla ya mtu kutoka, gharama yake ni vocha. Ndugu wakikataa, bado kuna miezi sita ya kutafuta kwingine.