Bima ya Afya Isingoje Mguu Ukatwe



Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa nchi hii awe ndani ya bima. Mkulima wa migomba wa Ngara na mfugaji wa Biharamulo nao wamo. Anayetakiwa kuchangia ana haki ya kuuliza: mchango wangu utanitibu nini?

Sisi tunauliza kuhusu ugonjwa mmoja ambao wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa, nao ni unene uliokithiri. Huku kwetu, ambako njaa inafahamika, mtu akinenepa husemwa amenawiri, na akikonda huulizwa anaumwa nini. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba katika kila watu 100 wa miaka 25 hadi 64, 9 walikuwa na kisukari na 26 walikuwa na shinikizo la damu. Unene ni mlango wa maradhi yote mawili.

Wapo wasemao kuwa mnene amejitakia kwa ulafi, basi wenzake wasimlipie. Hoja hii tunaikataa. Ni kweli dini yetu imekataza israfu katika kula na kunywa, nasi hatutaacha kulisema hilo misikitini. Hata hivyo, unene huletwa pia na kurithi, na baadhi ya dawa, na umasikini unaomwachia mtu wanga na mafuta tu. Aliyepata kipindupindu hatumnyimi dawa kwa kuwa hakuchemsha maji. Hutibiwa kwanza, nasaha hufuata.

Wapo pia wanaohofu kuwa sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo ni ghali, zitaumaliza mfuko. Hofu hii ina msingi, nasi hatuombi kuanzia huko. Tunaomba bima ilipie, katika zahanati ya kijiji, kupimwa uzito, kiuno, sukari na shinikizo la damu. Ilipie ushauri wa lishe na kumfuatilia mgonjwa mwezi hadi mwezi. Na anayehitaji zaidi apewe rufaa. Ikingoja kisukari kikomae, italipia kukata mguu au kusafisha figo, na jamaa watauza shamba wapate nauli ya kwenda Bugando, Mwanza.

Basi tuwaulize hili wabunge na madiwani wetu. Mchango wa mnyonge ni amana, na yafaa umfikie angali anatembea kwa miguu yake.

Wabillahi tawfiq.