Tuache Kuua Samaki kwa Usafi

Sisi wakazi wa Kigali tunajivunia usafi, na tuna haki ya kujivunia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka kwenda umuganda, tukifyeka na kufagia. Lakini kuna mahali pamoja ambapo fahari hiyo inaua: tangi la samaki lililopo sebuleni. Nadai katika insha hii kwamba desturi ya kumwaga maji yote ya tangi kila wiki ni kosa, na kwamba wanaoitetea kwa jina la usafi hawajui usafi wa samaki ni nini.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Shangazi yangu, anayeishi Kimironko, alikuwa na tangi la lita 60 lenye samaki wadogo sita. Jumamosi moja aliniambia, "Mwanangu, lisafishe ling'ae." Nikamwaga maji yote, nikasugua vioo, nikaosha changarawe na sifongo ya chujio chini ya bomba, kisha nikajaza maji mapya papo hapo. Tangi liling'aa kweli. Kufikia Jumanne samaki wanne walikuwa wameelea matumbo juu. Shangazi alisema bila shaka sikusugua vya kutosha. Wiki iliyofuata nilisugua zaidi, na wawili waliobaki wakafuata wenzao.

Niliua kwa njia tatu. Kwanza, samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Ndani ya chujio na changarawe huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Mimi niliwaosha watumishi hao nikadhani naosha uchafu. Pili, maji ya bomba hutiwa klorini ili kutukinga sisi na maradhi. Klorini hiyo hiyo huchoma mashavu ya samaki na kuwaua bakteria waliosalia. Tatu, maji ya bomba ya asubuhi hapa kwetu milimani ni baridi kuliko ya tangi, na samaki hawezi kuvaa sweta.

Wenzangu bwenini hunijibu: "Mbona fulani hubadilisha maji yote na samaki wake wako hai?" Kuwa hai si kuwa salama. Samaki wa dhahabu anayetunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Anayekufa baada ya miezi minane hakuzeeka, aliuawa polepole. Nakiri kwamba wapo wafugaji stadi wanaobadilisha hata nusu ya maji kwa mara moja. Lakini hao huyaandaa maji kwanza, yalingane na ya zamani kwa joto na kwa kemikali. Kinachoua ni mabadiliko ya ghafla, na anayemwaga yote papo hapo huleta mabadiliko makubwa kuliko yote.

Upande wa pili wapo wavivu wanaosema, "Nani hubadilisha maji ya Ziwa Kivu?" Hoja hii huchekesha, lakini inawaumbua wenyewe. Mvua na mito huliingizia Kivu maji mapya, na Mto Ruzizi huyatoa mengine kuyapeleka Tanganyika. Zaidi ya hayo, Kivu lina sehemu ambayo maji yake hayachanganyiki na ya juu. Chini ya takriban mita 60 hakuna oksijeni. Kumejaa kaboni dioksidi na methani, ile inayovunwa Karongi kuzalisha umeme. Sambaza hawaishi huko. Kwa hiyo ziwa lenyewe linatufundisha: maji yasiyobadilika kamwe si makazi ya samaki. Wala kuongezea maji yaliyokauka si kubadilisha, kwa sababu maji yakipanda hewani huiacha nitrati nyuma.

Basi tubadilishe mara ngapi? Kwa tangi lililokwisha kukomaa na lisilo na msongamano, toa sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano kila wiki. Samaki wakiwa wengi au wakilishwa sana, ongeza. Tangi jipya huhitaji uangalizi zaidi kwa wiki nne hadi sita, mpaka bakteria wajijenge: samaki wachache, chakula kidogo, maji kidogo kidogo mara kwa mara. Yaache maji ya bomba kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima. Klorini itatoka na maji yatapata joto la chumba. Sifongo isuuze katika maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Na samaki wakianza kuhema juu ya maji, usingoje Jumamosi.

Jambo la mwisho linatuhusu hata tusiofuga samaki. Anayemwaga lita 60 kila wiki hutumia lita 240 kwa wiki nne, yaani madumu kumi na mawili ya lita 20. Anayebadilisha moja ya tano hutumia lita 48, madumu mawili na nusu hivi, na maji yake ya zamani hustawisha mboga. Katika mji ambao mabomba hukauka mitaa fulani na watoto hupanda milima na madumu, tofauti hiyo si ndogo. Tunamwaga maji ya jirani ili tuwaue samaki wetu.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba husafisha tangi. Anayetaka kitu king'ae kila Jumamosi asugue sufuria.