Safari ya Kitu cha Kale ni Sehemu ya Elimu Yake

Mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho huviona vitu vya kale vimetulia ndani ya kabati za vioo, na ni rahisi kudhani kwamba vimekuwapo hapo daima. Mwanafunzi hunakili jina na umri wa kitu, kisha hupita. Swali lililo kubwa zaidi halimjii: kitu hiki kilifikaje hapa?

Kitabu cha picha cha Jessie Hartland, kilichotolewa Marekani mwaka 2010, kinawajibu watoto swali hilo. Kinafuata safari ya sanamu ya sfinksi ya Hatshepsut, aliyetawala Misri yapata miaka 3,500 iliyopita. Sanamu hiyo ya itale, yenye uzito wa karibu tani 7, ilichongwa kwa ajili ya hekalu lake huko Deir el-Bahri. Baada ya kufa kwake, Thutmose III aliamuru sanamu zake zivunjwe. Vipande vilitupwa mashimoni karibu na hekalu, vikakaa humo hadi miaka ya 1920, wachimbuzi wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York, wakiongozwa na Herbert Winlock, walipovifukua. Ndipo vikaunganishwa upya.

Kitabu cha namna hii chafaa kuhesabiwa kuwa kitabu cha sayansi. Kama sanamu ile ingenunuliwa kwa mchuuzi, tungeijua sura yake tu. Ni mashimo yale, na jinsi vipande vilivyolala ndani yake, yaliyotueleza habari ya kuvunjwa kwake.

Sisi tunao mfano wetu. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Lilikuwa limevunjika vipande vipatavyo 400. Mwaka 1961 umri wake ulikadiriwa kuwa miaka milioni 1.75, lakini kilichopimwa hakikuwa mfupa. Yalipimwa mawe ya volkeno ya tabaka lile lile, kwa njia ya potasiamu na argoni. Lau fuvu lingeokotwa na kuondolewa bila kuandikwa lilipokuwa, lingebaki mfupa wa ajabu usio na umri.

Hata hivyo, hadithi za safari hizi zisiishie mlangoni mwa makumbusho, kana kwamba kufika huko kunamaliza kila swali. Mtoto aulize pia ni nani aliyeruhusu kitu kiondoke. Sfinksi ile ilivuka bahari kwa sababu wakati ule Misri iligawana na wachimbuzi vitu vilivyopatikana; sheria ya mwaka 1983 iliyafanya mambo ya kale kuwa mali ya umma. Fuvu la Zinjanthropus nalo lilipelekwa nje kuchunguzwa, likarudishwa Tanzania mwaka 1965.

Kwa hiyo yafaa walimu wa historia, biolojia na sanaa washirikiane, wanafunzi wao watunge na kuchora kitabu cha safari ya fuvu hilo. Kazi hiyo yahitaji karatasi, kalamu na subira tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuichora safari hiyo, siku atakapokuta kigae cha chungu cha kale shambani, hatakitia mfukoni. Atakiacha kilipo, ataandika mahali na kina chake, kisha atatoa taarifa kwa wanaohusika.