Andikeni Kundi kwenye Bidoni!

Mwenye lori wa Kolwezi, hapa Lualaba, anauziwa jina. Anaonyeshwa bidoni yenye maandishi ya dhahabu, "sintetiki kamili", anatoa dola zake, na hakuna anayemwambia ndani mna nini. Huu ni uonevu, na ukome.

Sehemu kubwa ya oili ya injini ni mafuta ya msingi. Viongezo ni kidogo tu. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imeyagawa mafuta hayo makundi 5. La 1 husafishwa kwa njia ya zamani na hubaki na salfa nyingi. La 2 na la 3 kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ghafi yale yale, ila husafishwa kwa haidrojeni. La 3 lina fahirisi ya mnato ya 120 au zaidi, yaani halilegei ovyo likipata joto. La 4 ni PAO, linaloundwa kiwandani kutokana na gesi ya ethilini. La 5 ni mengine yote, esta zikiwemo.

Mwaka 1999 kampuni ya oili ya Mobil iliishtaki mshindani wake Castrol, kwa kuliita la 3 sintetiki, mbele ya chombo cha Marekani kinachoamua migogoro ya matangazo, ikashindwa. Tangu hapo la 3 nalo linauzwa kwa jina la sintetiki. Kundi hilo si baya hata kidogo! PAO hung'aa zaidi kwenye baridi ya kugandisha, na baridi hiyo Lualaba hatunayo. Ubaya ni kuficha.

Geuza bidoni, usome herufi ndogo za nyuma. CK-4 ni kiwango cha oili ya injini za dizeli kilichoanza Desemba 2016. Ukikuta CF-4 peke yake, hicho ni cha 1990 na kimeshafutwa, hata kama mbele pamejaa dhahabu.

Na muuzaji anayemwambia dereva asogeze mbele vidanji, yaani kubadilisha oili, kwa kuwa oili ni sintetiki, anamuua. Lori la shaba likipanga foleni mpakani Kasumbalesa injini ikinguruma, kilomita haziongezeki, oili inachakaa. Vumbi la barabara za migodi likipenya kwenye chujio la hewa, hakuna kundi litakaloziokoa pistoni.

OCC ndiyo inayokagua bidhaa zinazoingia Kongo. Iwalazimishe waagizaji waandike kundi na kiwango mbele ya bidoni, kwa Kifaransa na Kiswahili. Mzigo usio na maandishi hayo usivuke mpaka.