Kinyunyizio Nyuma ya Boriti ni Pambo

Jamani, leo tuache siasa kidogo, tuangalie juu. Namaanisha juu kweli, darini. Kama unasoma hapa ukiwa ofisini kwenye mojawapo ya maghorofa ya mjini, hebu inua macho. Huenda ukaona vidude vidogo vya chuma vyenye kichupa cha kioo chekundu, vinachungulia kutoka darini. Hivyo ni vinyunyizio vya kuzimia moto. Mwenye jengo huvitaja kwa majivuno anapotafuta wapangaji. Mimi nasema havitoshi kuwepo. Kinyunyizio kilichowekwa mahali pabaya ni pambo, tena pambo la hatari, kwa sababu linakufanya ulale usingizi.

Kwanza tuondoe uongo wa sinema. Kwenye filamu mtu anawasha kiberiti chooni, jengo zima linanyeshewa. Katika mfumo wa kawaida hakuna kitu kama hicho. Kila kinyunyizio hufunguka chenyewe. Kile kichupa chekundu hupasuka kikifika nyuzi joto 68 hivi, maji yanachomoka, yanagonga kisahani kidogo na kutawanyika kama mwavuli. Kila kitu kinategemea huo mwavuli. Ukiweka boriti, bomba nene la kiyoyozi au taa kubwa mbele yake, nyuma ya kizuizi hicho panabaki pakavu. Moto ukianzia hapo unanenepa bila kuguswa. Joto lake linasambaa darini na kufungua vinyunyizio vya mbali, maji yanamwagika pasipo na moto, na presha ya bomba inashuka. Mfumo unafanya kazi, na jengo linaungua!

Kanuni zipo, wala si siri. Wamarekani wana kiwango chao kiitwacho NFPA 13, ambacho mwanzo wake ni mwaka 1896, na wahandisi wa nchi nyingi hukifuata. Kwa vinyunyizio vya kawaida, kanuni zake kuu mtu yeyote anazielewa. Chini ya dari tambarare, kisahani kikae kati ya sentimita 2.5 na 30 kutoka darini, kwa sababu ukikishusha sana kinachelewa kupata joto. Kikiwa karibu na boriti, chini ya sentimita 30, kisahani kisiwe juu ya kitako cha boriti hiyo. Kizuizi chembamba kama nguzo au bomba kikae mbali na kinyunyizio angalau mara 3 ya upana wake, hadi kufikia kama sentimita 60. Kwa hiyo bomba la sentimita 15 linataka nafasi ya sentimita 45. Kizuizi cha kudumu chenye upana unaozidi mita 1.2 hivi kinahitaji vinyunyizio vingine chini yake. Na bidhaa zisipangwe juu kupita sentimita 46 chini ya kisahani. Hapo huhitaji shahada ya uhandisi, unahitaji futi kamba.

Sasa nani anaharibu? Mara nyingi si mchoraji wa kwanza. Ni sisi tunaokuja baadaye. Mpangaji mpya anataka ofisi ya bosi, fundi anapandisha patisheni mpaka darini, kinyunyizio kinabaki upande wa pili. Fundi wa kiyoyozi anapitisha bomba lake pale palipo wazi. Fundi wa jipsamu anashusha dari ya urembo yenye taa za rangi, na kinyunyizio kinamezwa. Katika pitapita zangu za kazi niliwahi kuketi kwenye ukumbi mmoja wa mikutano ambako kinyunyizio kilikuwa kimebanwa kati ya boriti mbili za urembo, na juu yake kimepakwa rangi ya dari. Chini yake tulijadili usalama wa raia.

Najua nitakavyojibiwa. "Kijana, gharama!" Sawa, lakini kuhamisha kinyunyizio wakati dari bado iko wazi ni kazi ndogo kuliko kubomoa jipsamu iliyokwisha kupakwa rangi. Wengine watasema moto wa ghorofani ni kazi ya zimamoto. Tuwaulize watu wa Philadelphia. Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22. Zimamoto wa jiji kubwa la Marekani walipambana nao kwa saa nyingi, na watatu kati yao wakafa. Moto ulipanda mpaka ghorofa ya 30. Huko mpangaji alikuwa amewekewa vinyunyizio. Vinyunyizio 10 vikafunguka, na safari ya moto ikaishia hapo. Kumi tu! Lakini vilikuwa mahali ambapo maji yangeweza kuufikia moto.

Ndiyo maana ukaguzi wa kuhesabu haunifurahishi. Tanzania tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na ukaguzi ni sehemu ya kazi ya jeshi hilo. Vizuri. Ila mkaguzi asiishie kuuliza "vipo?" Apande ngazi, apime, aulize maji yatafika wapi. Na kila ofisi inapogawanywa upya au kushushiwa dari mpya, mchoro wa vinyunyizio upitiwe upya kabla watu hawajarudi kazini. Mwenye jengo asiyetaka hivyo asiandike kwenye tangazo lake kwamba jengo lina kinga ya moto.

Nawe msomaji, usisubiri sheria. Kesho ukifika kazini angalia juu ya meza yako. Kama kati yako na kinyunyizio kuna ukuta, boriti au rundo la maboksi ya mafaili, andika barua pepe kwa mwenye jengo na ubaki na nakala. Akikuuliza umeyajulia wapi, mwambie una macho.

Naomba kutoa hoja.