Boma Bungoma, shamba Kitale: Nani atarithi nini?

Kijana mwenzangu, wacha nikuulize. Mzee akifunga macho leo bila wosia, shamba litagawanywaje? Wengi wetu hujibu haraka, "Si kila nyumba ichukue nusu?" Hapo ndipo vita huanzia.

Hali yenyewe unaijua. Baada ya uhuru, familia nyingi za Bungoma zilinunua mashamba yaliyokuwa ya walowezi Trans Nzoia. Mzee akamwacha mke wa kwanza kwenye boma la ukoo, akaoa wa pili, akamweka Kitale alime mahindi. Leo kuna maboma mawili, wake wawili na hati miliki yenye jina la mzee pekee.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haigawi nusu kwa nusu. Kifungu cha 40 huhesabu watoto wa kila nyumba, kisha kila mjane aliye hai huongezwa kama mtu mmoja. Tuseme mama wa Bungoma ana watoto wawili, wa Kitale sita. Jumla ni watu 10. Kwenye ekari 10, nyumba ya Bungoma inapata tatu, ya Kitale saba.

Sasa, je, kama shamba hilo lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mama wa Bungoma? Anaweza kudai mchango wake kortini, ila atahitaji ushahidi, na aliyejua ukweli wote ashazikwa.

Mabinti nao wamo kwenye hesabu, wameolewa au la, hata wajomba wakinuna. Mtoto wa nje ya ndoa pia.

Nawe unayetaka kuuza kipande upate pikipiki kabla korti haijaidhinisha, tulia. Kifungu cha 45 kina faini ya hadi Sh10,000, jela ya hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ati mzee alishasema kwa mdomo? Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na mzee akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, hauna nguvu tena. Ulioandikwa, ukatiwa saini mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, ndio wa kutegemea. Au agawe akiwa hai, kupitia bodi ya ardhi.

Najua, kumuuliza baba habari za urithi huonekana kama kumtakia kifo. Basi usimwendee peke yako kichinichini. Nendeni nyumba zote mbili, mchana, angali mzima.